Treina ikikata mawasiliano: tafuta kwanza inakata wapi

Ukipiga pedali sebuleni ukiwa ndani ya Zwift, Rouvy au MyWhoosh, zile programu za kuendesha baiskeli kwenye skrini pamoja na wengine, mawasiliano yako yana vipande vitatu. Treina, kile kifaa kinachoshika baiskeli ndani ya nyumba na kuipa miguu mzigo, inaongea na laptopu au simu. Laptopu inaongea na rauta. Rauta inaongea na mnara, na kutoka hapo na seva zilizo mbali. Mtu akinipigia kusema "fundi, inakata," namuuliza inakata kipande kipi. Wengi hunyamaza kidogo, halafu wananiuliza treina mpya inauzwaje.

Subiri kwanza. Katika vyote hivyo, treina ndiyo inayoharibika mara chache zaidi.

Kazi yangu ni redio na dekoda, kibanda kipo jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Baiskeli ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, Kibosho kupanda na kushuka. Treina zilianza kuletwa mezani kwangu kwa sababu ya masika. Machi hadi Mei, alfajiri, barabara ya kwenda Himo ni tope, malori na giza, na waliokuwa wakiendesha huko wameamua kufunga baiskeli zao ndani. Humu ndani hakuna lori. Kuna mawimbi.

Soma dalili, mikono mbali

Panda, endesha kama kawaida, na itakapokata usiguse kitu. Tazama skrini.

Wati zako, yaani namba ya nguvu ya miguu yako, zikishuka hadi sifuri, mtu wako kwenye skrini akasimama, ilhali wengine wanampita bila shida, basi intaneti ni nzima. Kilichokatika ni kati ya treina na laptopu. Usinunue bando kubwa zaidi, halitakusaidia hata kidogo.

Wati zako zikibaki palepale lakini wenzako wote wakatoweka, ukabaki peke yako kwenye Watopia nzima, ile dunia ya Zwift, hapo treina haina kosa. Intaneti ndiyo imeondoka. Kwenye Zwift endelea tu kupiga: safari inaandikwa kwenye laptopu yako, na faili lake utalikuta ndani ya folda ya Documents, kisha Zwift, kisha Activities. Nimeona watu wanazima programu kwa hasira katikati ya mazoezi ya saa nzima wakidhani yamepotea. Hayajapotea.

Kila kitu kikiganda kwa pamoja, picha na namba, tazama laptopu yenyewe. Imezidiwa, au imepata joto kwa sababu umeiweka juu ya mto.

Iko dalili nyingine inayosingiziwa Bluetooth bila haki. Mwalimu mmoja wa Soweto alinibishia sana kuhusu hiyo. Anasema treina inapoteza mawasiliano, halafu inamkaba, miguu inakuwa mizito hadi anasimama. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ERG." Katika mtindo wa ERG, treina inashikilia wati ulizopangiwa. Ukipunguza kasi ya miguu, inaongeza ukinzani ili wati zisishuke. Miguu inachoka zaidi, unapunguza tena, nayo inaongeza tena. Hakuna wimbi lililokatika hapo. Acha kupiga kwa sekunde chache, ukinzani ulegee, kisha rudisha miguu kwa kasi kabla mzigo haujarudi. Au zima ERG siku ambayo miguu haipo.

Zima rauta uone

Kama dalili yako ni ile ya kwanza, wati kufika sifuri, kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Anza safari, kisha zima rauta pale kwenye swichi ya ukutani. Kama unatumia hotispoti ya simu, izime pia. Wenzako watatoweka, usijali. Endelea kupiga pedali kwa muda ule ule ambao kwa kawaida ungekuwa umeshakatikiwa.

Wati zikitulia, mkosaji umeshampata: ni Wi-Fi yako mwenyewe inayoifunika treina. Zikiendelea kudondoka, mkosaji ni mwingine, na nitafika kwake.

Sababu yake ni hii. Wi-Fi ya kawaida, Bluetooth na ANT+ (redio nyingine ya treina na vihisi vya baiskeli) zote zinatumia masafa ya gigahezi 2.4. Hata oveni ya maikrowevu inafanya kazi humo humo. Ni stendi moja ndogo yenye wapiga debe wengi, na Wi-Fi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Bluetooth ina ujanja: masafa yake yamegawanywa katika chaneli 40, nayo inarukaruka kutoka moja hadi nyingine na kukwepa zenye kelele. ANT+ haina mbio hizo. Vihisi vya baiskeli vya ANT+ vinakaa kwenye megahezi 2457 na hapo hapo vinabaki. Sasa chukua Wi-Fi iliyo kwenye chaneli ya 11. Kitovu chake ni megahezi 2462, na upana wake wa megahezi 20 unaanza 2452 hadi 2472. Hesabu mwenyewe nani amekaliwa.

Kwa hiyo mwenye kipokezi cha ANT+ aipeleke rauta yake chaneli ya 1, au ya 6 kama ya 1 imejaa majirani. Fungua ukurasa wa rauta kwa kivinjari. Anwani imebandikwa chini ya rauta yenyewe, mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na neno la siri. Tafuta sehemu ya Wi-Fi, toa chaneli kwenye "auto", weka 1, na upana uwe megahezi 20. Ukiuacha 40, rauta inameza karibu nusu ya stendi. Ziko programu za bure za Android za kuchungulia chaneli za majirani. Nyumba za kupangisha za Majengo na Pasua, ambako kila chumba kina rauta yake ya laini, utashangaa ulivyo msongamano.

Rauta ikiwa na gigahezi 5, hamishia laptopu huko na stendi unaiachia treina. Ila 5 haipendi kuta. Tofali za saruji zinainyonya, na rauta iliyo chumba cha tatu haitafika kwa nguvu. Itumie kama rauta na baiskeli viko chumba kimoja au vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Hotispoti, na waya unaoimaliza kesi

Kwa tunaoishi huku, hiki ndicho kisa cha mara nyingi zaidi. Mtu hana rauta. Anawasha hotispoti kwenye simu, anaiweka simu kwenye kishikio cha usukani, anaunganisha laptopu kwa Wi-Fi, na treina kwa Bluetooth. Hotispoti za simu nyingi zinaanza kwenye 2.4. Na kwenye laptopu, Wi-Fi na Bluetooth kwa kawaida vinakaa kwenye kadi moja na kugawana antena kwa zamu. Laptopu inasukuma data upande huu, inasikiliza treina upande ule, kwa masikio yale yale. Kisha unajiuliza mbona wati zinadondoka pale tu kundi linapokuwa kubwa.

Dawa yake ni waya wa USB. Chomeka simu kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya hotispoti ya simu, na uchague kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya. Baada ya hapo zima hotispoti, na uzime Wi-Fi ya laptopu kabisa, usiiache ikitafutatafuta mitandao ya jirani. Sasa hewani, kwa upande wako, imebaki Bluetooth peke yake.

Mambo mawili ya kuangalia. Waya nyingi zinazouzwa barabarani zinachaji tu, hazipitishi data. Ukichomeka na chaguo la USB likabaki limefifia, badilisha waya kabla ya kuilaumu simu. Na wenye iPhone wanaotumia Windows wanahitaji programu ya Apple kwenye laptopu ndipo simu itambulike.

Wenye rauta wana njia iliyo bora zaidi: waya wa LAN kutoka rauta hadi laptopu. Rauta nyingi za laini zina tundu hilo nyuma, limekaa bure tangu siku ya kununuliwa. Dada mmoja wa Shanty Town alikuwa tayari kubadilisha treina nzima. Nikamwekea waya wa LAN ukipita pembeni mwa zulia, na akabaki na treina yake. Alilalamika kwamba waya unaharibu sura ya sebule. Hilo ni kweli, na sina jibu lake.

Treina za bei ya juu nazo zimeanza kuukubali waya. Kickr ya Wahoo iliyotoka 2022 ina Wi-Fi yake yenyewe, na kwa adapta inaweza kuunganishwa kwa waya. Kama unayo, jaribu waya.

Rauta imezimwa, bado inakata

Basi angalia nani mwingine ameishika treina. Treina nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zinakubali mteja mmoja tu wa Bluetooth kwa wakati mmoja. Ukiwa na programu ya mtengenezaji kwenye simu, nayo imebaki wazi nyuma ya pazia, inaweza kuinyakua treina kabla laptopu haijaamka. Dalili ni kwamba treina haionekani kabisa kwenye orodha, au inaonekana leo na kesho haipo. Zima Bluetooth kwenye simu, tableti, saa na kompyuta ya usukani, zote, halafu anza upya na kifaa kimoja. ANT+ haina tatizo hilo kwa sababu inatangaza tu, anayesikia asikie.

Na usiiunganishe treina kwenye mipangilio ya Bluetooth ya Windows au ya simu kama unavyofanya na spika. Iache programu ya mazoezi iitafute yenyewe. Kama umeshaiunganisha huko, ifute.

Kisha mahali. Laptopu iko mezani mbele ya usukani, treina iko nyuma yako, na katikati upo wewe. Kwa mawimbi ya 2.4 mwili wa binadamu ni ndoo ya maji, unayanywa. Ongeza feni kubwa ya chuma iliyosimama katikati, na umejenga ukuta. Sogeza meza ikae ubavuni, mita moja au mbili kutoka ekseli ya nyuma, pasiwe na kitu katikati. Feni ihamie upande wa pili.

Wenye kipokezi cha USB cha ANT+: usikichomeke moja kwa moja ubavuni mwa laptopu. Tafuta waya wa kurefushia USB, mita moja au mbili, ukishushe kipokezi karibu na treina, si chini ya jasho lako. Na kikae mbali na matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi yana ulimi wa bluu. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele kwenye masafa haya haya ya 2.4, Intel wenyewe walilieleza hilo mwaka 2012. Hata umwambie mtu, hawezi kuamini kwamba hadidiski ya nje ya muziki, iliyochomekwa tundu la jirani, ndiyo inayomfanya asimame katikati ya mlima. Chomoa hadidiski. Ukiwa na tundu la USB 2.0, kipokezi kikae huko.

Windows nayo ina tabia ya kulaza matundu ya USB ili kuokoa umeme. Kwenye orodha ya vifaa vya mfumo (Device Manager) fungua kila USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa umeme ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Laptopu yenyewe iwe kwenye chaja wakati wote wa mazoezi.

Kwenye simu za Android kuna mtego wa ruhusa. Kabla ya Android 12, programu haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth bila ruhusa ya lokesheni, na lokesheni yenyewe iwe imewashwa. Kuanzia 12 kuna ruhusa yake ya vifaa vilivyo karibu. Watu wanakataa ruhusa hizo kwa kuogopa kufuatiliwa, siwalaumu, lakini treina haitaonekana. Pia zima hali ya kuokoa chaji, maana simu nyingine zinaua programu pindi skrini inapofifia.

Mkanda wa moyo ni kesi yake

Mapigo yakiruka kutoka 130 hadi 210 na kurudi, wakati wati zimetulia, hayo si mawimbi ya nyumba. Mara nyingi mkanda wa kifuani unaoyapima ni mkavu. Lowesha sehemu mbili za mpira zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, hewa inakuwa kavu na fulana za nailoni zinapigwa na feni zikisugua mkanda. Umeme wa msuguano unaweza kuleta namba za ajabu kwa dakika za mwanzo, hadi jasho litoke. Vua fulana au vaa inayobana.

Mapigo yakipotea kabisa, ni betri. Nyingi ni CR2032, ingawa Polar H10 inatumia CR2025, na ukilazimisha isiyo yake kifuniko hakikai sawa. Betri mpya ya aina hizi inasoma volti 3 na kitu juu kwenye mita. Nimepima za kwenye pakiti mpya zikawa zimeshachoka, kwa hiyo nunua panapouzika sana, au ipitishe kwa fundi mwenye mita. Tunapima bure.

Na punguza idadi ya vifaa. Treina yako ikiwa inatoa wati na mizunguko ya pedali, kile kihisi kidogo cha kwenye kranki kitoe. Kila kifaa ni mazungumzo mengine hewani.

Umeme na mnara

Umeme ukiyumba, hata kwa sekunde, rauta inajizima na kuwaka upya, na hiyo ni dakika moja au mbili bila wenzako. Anayeishi jirani na karakana ya kuchomelea anajua taa zinavyofifia wakipiga arki. Kuna betri ndogo za akiba za kukaa kati ya chaja na rauta. Soma kwanza chaja yako imeandikwa volti 9 au 12, maana ukikosea unaiunguza. Treina ni habari nyingine. Nyingi zikikosa umeme zinanyamaza, Bluetooth na yote. Tacx Neo inaweza kujiendesha kwa umeme wa miguu yako mwenyewe, na kwa mazingira yetu hilo ni jambo la kulitazama mtu anapochagua.

Usisasishe programu ya ndani ya treina jioni ambayo umeme una wasiwasi. Fanya asubuhi, simu ikiwa imejaa chaji, na usiondoke chumbani.

Upande wa mnara, Zwift ikishapakuliwa haili data nyingi ukiendesha, kinachokula ni masasisho. Fungua programu usiku wa kuamkia mazoezi, kwa bando la usiku, imalize kupakua. Rouvy ni tofauti kwa sababu inaonyesha video za barabara halisi, kwa hiyo mtandao dhaifu unaonekana haraka. Rauta ya laini iweke dirishani, upande ulio na mnara, nje ya kivuli cha kabati la chuma. Kama nyumba ina bati na nondo nene madirishani, sogeza nusu mita kushoto na kulia huku ukitazama taa za nguvu ya mawimbi. Nusu mita inaleta tofauti kubwa kuliko unavyodhani.

Kama baada ya yote haya wati bado zinaanguka na unatumia Zwift kwenye kompyuta, nenda kwenye folda ya Documents, Zwift, kisha Logs. Chukua faili la siku hiyo na ulipeleke kwenye tovuti ya Zwiftalizer. Itakuchorea wapi mawimbi yalipotea. Ukiona yanapotea kila saa ambayo jikoni kuna mtu anapasha chakula kwenye maikrowevu, nenda mkazungumze.

Ikishindikana kabisa, njoo na laptopu, kipokezi, mkanda na lile faili. Treina iache nyumbani kwanza. Bodaboda hawaipendi, na mimi sina pa kuiweka.